Bogoa Langoni mwa Shule: Mtoto Asiyesoma katika Hadithi Zetu

Kuna mhusika mmoja ambaye wengi waliofanya mtihani wa KCSE katika miaka iliyoishia 2022 wanamjua, na ambaye mwenyewe hangeweza kamwe kuufanya mtihani huo. Jina lake Bogoa. Yumo katika "Tulipokutana Tena", hadithi fupi ya Alifa Chokocho iliyo ndani ya mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Maelfu ya wanafunzi wamemwandikia insha, wamemtolea hoja, wamepewa alama kwa ajili yake. Kisha mtihani ukaisha, vitabu teule vikabadilishwa, naye akawekwa rafuni pamoja na wenzake.

Nataka kumtoa huko kidogo. Sina nia ya kusema kwamba dhuluma dhidi ya watoto ni mbaya, hilo tunalijua sote. Ninachotaka kuuliza ni swali la kifasihi: hadithi zetu zinamwonaje mtoto ambaye hayuko shuleni? Zinamtazama zikiwa zimesimama wapi? Maana kuna jambo la ajabu hapa ambalo hatulisemi sana. Fasihi ya Kiswahili, Kenya hasa, inaishi shuleni. Inachapishwa kwa ajili ya shule, inanunuliwa na shule, inasomwa na wanafunzi. Mtoto aliye nje ya lango anazungumziwa ndani ya jengo ambalo haruhusiwi kuingia.

Kwa waliosahau, hadithi yenyewe inakwenda hivi. Watu wazima waliokuwa marafiki utotoni wanakutana tena baada ya miaka mingi, na soga zao zinageuka kuwa hesabu ya maisha. Zamu ya Bogoa inafika. Alizaliwa katika familia maskini yenye watoto wengi. Wazazi wakamtoa akaishi mjini na Bi Sinai, kwa matumaini kwamba huko atasoma na maisha yatamnyookea. Mjini hakusoma. Alifanywa mtumishi wa nyumba: kuamka mapema, kupika, kufagia, na kupeleka vyakula shuleni kuwauzia watoto wa rika lake. Aliteswa, na akakua na hasira kwa Bi Sinai, na kwa wazazi waliomtoa pia.

Sasa fungua miongozo ya wanafunzi, ile vijitabu vya kurahisisha mambo. Bogoa anakuwa orodha. Dhuluma: alipigwa, alichomwa, alifanyizwa kazi nzito, alinyimwa elimu. Sifa za Bi Sinai: katili, mnafiki, mwenye tamaa. Hoja nne, mifano minne, tuendelee. Kunyimwa elimu kunawekwa kama kosa mojawapo kati ya mengi, tena mara nyingi linakuja la mwisho baada ya kipigo, kwa sababu kipigo ni rahisi kukitolea mfano. Mimi naona hapo ndipo usomaji wetu ulipokwenda kombo. Hebu mwondoe Bi Sinai katili, umweke mama mpole asiyeinua mkono, anayempa Bogoa nguo safi sikukuu na nyama Ijumaa. Bogoa ataenda shule? Haendi. Maandazi ya asubuhi bado yatataka mtu wa kuyauza. Kipigo kinatuumiza sisi wasomaji, lakini kilichomweka nje ya darasa ni kazi.

Na hapa Chokocho ni mjanja kuliko miongozo inayomfafanua. Angeweza kumweka Bogoa mbali na shule kabisa, kijijini, milimani, ng'ambo ya mto. Hakufanya hivyo. Bogoa anafika shuleni. Anafika akiwa na chakula kichwani au mkononi, anawaona watoto wenzake, anapokea sarafu zao. Kengele inapolia wao wanaingia, yeye anageuka. Umbali wake na darasa ni hatua chache tu, na hatua hizo chache hazivukiki kwa sababu amekuja pale akiwa muuzaji. Tunapozungumzia watoto wasiosoma, mawazo yetu hukimbilia jangwani, kwa mtoto anayetembea kilomita nyingi. Yupo huyo, Turkana yupo, Mandera na Garissa yupo, na ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosa kunyesha misimu mitano mfululizo, ulimsukuma mbali zaidi na mifugo yake. Lakini yupo pia mtoto anayeishi nyuma ya ukuta wa shule, anayesikia wenzake wakiimba nyimbo za alfabeti huku akisafisha sufuria. Hadithi imemchagua huyu wa pili, aliye vigumu zaidi kumwona kwa kuwa yuko karibu.

Mtu atasema, basi hayo yalikuwa mambo ya kale, siku hizi elimu ni bure. Tuangalie. Kenya ilifuta karo za madarasa manne ya mwanzo mwaka 1974, kisha zikaja ada za kujenga shule zikachukua nafasi ya karo. Ilifuta tena Januari 2003, na watoto zaidi ya milioni moja wakamiminika madarasani kwa mara moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamfanya mzazi asiyempeleka mtoto shule kuwa mkosaji. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13 kazi yoyote ile. Kwenye karatasi, Bi Sinai hana pa kujificha. Lakini sare si bure. Viatu si bure. Chakula cha mchana mara nyingi si bure, na mtoto anayebaki nyumbani analeta hela ilhali mtoto anayekwenda shule anaondoka nayo. Majirani zetu Watanzania wanaijua hadithi hiyohiyo: Azimio la Musoma la 1974 na ndoto ya kila mtoto darasani, karo zikarudi miaka ya mageuzi ya kiuchumi, zikafutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sheria inafungua lango. Haimwambii mtu nani atauza maandazi asubuhi hiyo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosoma "Tulipokutana Tena" kama hadithi ya mwanamke mbaya. Mimi naisoma kama hadithi ya ahadi. Fikiria wazazi wa Bogoa. Kumtoa mtoto akalelewe na ndugu au jamaa mjini ni desturi ya zamani kwetu, na si desturi mbaya. Wangapi kati ya wanaosoma makala haya baba zao walisoma hivyo? Walikaa kwa mjomba, kwa shangazi, kwa rafiki wa babu, wakafua, wakachota maji, na kweli wakasoma. Wazazi wa Bogoa hawakuwa wajinga. Walipanda ngazi ileile iliyowapandisha wengine, ila ya kwao ilikuwa na vidato vilivyooza. Hakuna mtu wa kukagua ngazi hizo. Hakuna mkataba, hakuna shahidi, hakuna mwalimu anayeuliza mbona mtoto huyu anakuja kuuza tu. Kuna neno tu la mtu mzima kwa mtu mzima, na mtoto anaondoka na kifurushi chake.

Wahenga walisema maskini na mwanawe, tajiri na mali yake. Kwa kawaida tunaichukua methali hii kama faraja: huna kitu, lakini una mtoto. Weka methali hiyo kando ya Bogoa uone inavyouma. Maskini alimtoa mwanawe, na tajiri sasa ana mali na mwana vilevile. Hasira ya Bogoa kwa wazazi wake, ambayo wanafunzi wengi huiona kama kukosa shukrani au kama ukatili wa moyo, kwangu ndiyo sehemu ya kweli kabisa ya hadithi. Adui unaweza kumsamehe kwa sababu hukumtegemea. Hawa aliwategemea.

Jambo la pili linalonisumbua ni nani anasimulia. Bogoa anazungumza, ndiyo, lakini anazungumza mezani, na anayetufikishia maneno yake ni Sebu, rafiki yake wa utotoni. Maisha ya mtoto asiyesoma yanapitia mdomo wa mwenzake ndipo yatufikie. Na yanakuja yakiwa yamechelewa miaka mingi, mtoto keshakuwa mtu mzima. Hadithi inafanya hivyo bila kujificha, na naiheshimu kwa hilo. Lakini mtindo huu una gharama. Mtu mzima anayekumbuka huwa ameshapanga maumivu yake yakapangika. Tunakosa ule mchafuko wa mtoto mwenyewe, asiyejua bado kama anachotendewa ni dhuluma au ni maisha tu.

Mchafuko huo niliupata mahali pengine, katika hadithi ya Uwem Akpan, mwandishi wa Nigeria, iitwayo "An Ex-mas Feast", inayofungua kitabu chake cha 2008, Say You're One of Them. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini mahali ni Nairobi, na maneno ya Kiswahili yametapakaa humo. Msimulizi ni Jigana, mvulana wa miaka minane. Familia yake inaishi barabarani. Wananusa gundi ya viatu kuua njaa, na mtoto mchanga anatumiwa katika kuomba pesa. Dada yake Maisha, miaka 12, anauza mwili wake kwa watalii, na sehemu ya pesa hizo ndiyo itakayompeleka Jigana shule.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena taratibu. Hapa hakuna Bi Sinai. Mama si shetani, baba si shetani, wote wanataka mtoto asome. Shule yenyewe, hiki kitu kizuri tunachokiimba tangu chekechea, ndiyo yenye bei, na bei hiyo inalipwa na dada. Mwishoni Maisha anaondoka moja kwa moja, na Jigana naye anaikataa ile ndoto, anakimbia. Wasomaji wengine hukasirika: mbona kipindi kile anachopata nafasi ndipo anapotoroka? Mimi naona ni uamuzi wa kimaadili wa mtoto wa miaka minane. Hataki kusoma kwa pesa hizo. Hadithi chache nilizosoma zimenifanya nilionee shaka neno "mfadhili" kama hii. Kila mtoto anayesoma kwa shida ana mtu nyuma yake aliyeacha kitu, na mara nyingi mtu huyo ni msichana. Udhaifu wa Akpan ni kwamba anarundika. Gundi, ukahaba, mtoto wa kuombea pesa, njaa, vyote katika usiku mmoja wa Krismasi, mpaka msomaji wa mbali anaweza kufunga kitabu akajiambia kwamba huu ni ulimwengu mwingine kabisa. Bogoa hampi mtu nafasi hiyo. Bogoa yumo nyumbani kwa jirani yako.

Wa tatu ni Yusuf wa Abdulrazak Gurnah katika Paradise, riwaya ya 1994 ambayo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Wakati ni kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wanaingia. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri anayemwita ami, Aziz, na baadaye ndipo anapojua kwamba babake alimtoa kwa sababu ya deni. Yeye ni rehani. Anawekwa dukani, anafundishwa kuuza na Khalil, ambaye naye alitolewa vivyo hivyo.

Kinachonivutia ni kitu kidogo kinachotokea katikati ya safari. Yusuf anaachwa kwa Hamid, na huko inagundulika kwamba kijana huyu hawezi kusoma Kurani. Wenyeji wake wanashtuka. Anapelekwa chuoni akajifunze pamoja na watoto wadogo wa nyumba ile. Gurnah hapigi kelele. Anatuonyesha tu kijana mrefu akikaa na wadogo, na aibu yake, na pia furaha yake. Tukio hilo dogo linaniambia kitu ambacho takwimu hazisemi: ujinga wa kusoma hauumi mpaka siku unapogunduliwa mbele ya watu. Mpaka siku hiyo Yusuf alikuwa kijana hodari wa duka. Dakika moja baadaye amekuwa mtu aliyepungukiwa.

Ukiwaweka watatu hawa pamoja unaona kwamba mlango ni mmoja lakini komeo ni tofauti. Yusuf alifungiwa na deni, Bogoa na ahadi, Jigana na bei. Mtu wa serikali au wa shirika anayehesabu watoto atawaandika wote katika safu moja, "hawako shuleni". UNESCO mwaka 2023 ilikadiria kwamba watoto na vijana wasiosoma duniani ni takriban milioni 250, na idadi kubwa mno ni wa kusini mwa Sahara. Sipuuzi hesabu hiyo, bila hesabu hakuna bajeti. Lakini kazi ya fasihi ni kuonyesha komeo, na mwandishi anayetuonyesha komeo lisilo sahihi anatupotosha vibaya kuliko asiyeandika kabisa.

Hapo ndipo ninapokuwa na ugomvi na Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya iliyotahiniwa sambamba na Tumbo Lisiloshiba. Ni kitabu chenye huruma kubwa, na kina watoto wengi walioumizwa kuliko riwaya nyingi nizijuazo. Chandachema anachuma majani chai. Dick na Mwaliko wanaibwa na Sauna, mtumishi wa nyumba, na Dick anaingizwa katika ulanguzi wa dawa za kulevya. Mwisho wa yote, Dick, Mwaliko na dada yao Umu wanapata walezi wema na kukutana tena, na msomaji anafuta chozi la heri kama kichwa kilivyoahidi.

Lakini tazama ni nani anayeokolewa kwa nafasi kubwa zaidi. Ni watoto wa Lunga, mtu aliyesoma na aliyekuwa na kazi ya maana. Walikuwa shuleni, wakaanguka, wakarudishwa. Kuna tofauti kubwa kati ya mtoto aliyeacha shule na mtoto ambaye hakuingia hata siku moja. Wa kwanza ana daftari lenye jina lake mahali fulani, ana mwalimu anayemkumbuka, ana mahali pa kurudi. Wa pili hana. Riwaya zetu zinampenda wa kwanza kwa sababu hadithi yake ina umbo zuri: alikuwa nacho, akakipoteza, akakipata. Hadithi ya wa pili haina umbo hilo. Isitoshe, katika Chozi la Heri mkosaji mkuu wa akina Dick ni mtumishi wa nyumba. Bogoa, kumbuka, naye alikuwa mtumishi wa nyumba. Nani atatuandikia alivyokuwa Sauna alipokuwa na miaka kumi? Riwaya inatudokezea maisha yake magumu ya nyuma, kisha inaharakisha kwenda kwenye furaha ya mwisho.

Na kuna kasoro moja ambayo naiona karibu kila mahali, isipokuwa kwa Gurnah. Mtoto asiyesoma huandikwa kama chungu kitupu. Hajui kitu, anasubiri kujazwa. Jamani, mtoto anayeuza vyakula langoni anapiga hesabu siku nzima! Anajua chenji, anajua nani hukopa asilipe, anajua maandazi mangapi yatabaki mvua ikinyesha. Mtoto wa kuchunga anajua kila mnyama kwa rangi na kwa mama yake. Gurnah anayaona haya. Dukani kwa Aziz, Yusuf anajifunza bei, lugha, watu, na bado hatusahaulishwi kwamba ni rehani. Hilo ni gumu kuliandika: kuuheshimu ujuzi wa mtoto bila kuusifu utumwa uliompa ujuzi huo. Chokocho alikuwa na nafasi hiyo kwa Bogoa na vitafunio vyake, na laiti angekaa hapo kurasa mbili zaidi. Ningeacha nusu ya kipigo ili nipate asubuhi moja nzima ya biashara pale shuleni: sauti, sarafu, majina ya wateja, kengele.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Peponi ndiyo iliyokamilika zaidi kati ya kazi hizi. "An Ex-mas Feast" ndiyo inayokata zaidi, na inakata mpaka inazidisha. Chozi la Heri ina moyo mkubwa na mwisho mwepesi. "Tulipokutana Tena" ni fupi, ina mapengo, na ndiyo ninayoirudia zaidi, kwa sababu imegusa mahali ambapo wengi wetu tunaishi: nyumba ya mjini yenye mtoto aliyeletwa kutoka kwao, anayeitwa "msaidizi" au "mtoto wa ndugu yetu", na ambaye Jumatatu asubuhi hana sare.

Kama uliisoma kwa ajili ya mtihani, isome tena sasa ambapo hakuna anayekusahihishia. Safari hii achana na sifa za Bi Sinai. Waangalie watoto wanaonunua. Kila asubuhi wanapokea chakula kutoka mkononi mwa mwenzao wa rika moja, wanalipa, wanaingia darasani, na hadithi haituonyeshi hata mmoja wao akienda nyumbani kumuuliza mamake kwa nini yule haingii.